Kipandio Kinacholia cha Jumba la Rosal

Kacha! Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, kufuli likiuma mnyororo wa geti la nyuma, na Mama Santing akiwa juu ghorofani na wageni wake wawili. Mlioniletea ujumbe mkidai ni upepo tu umelisukuma geti, nawahurumia. Upepo wa Malate, mtaa wetu huu wa Manila, unaezua mabati na kubeba nguo za watu kambani, lakini haujajifunza kufunga kufuli.

"Badong!" Santing aliita kupitia ufa wa mbao zilizopigiliwa dirishani. "Badong, ni wewe unayechezea geti?"

Chini uchochoroni, mvua ikimchapa, Badong alikuwa amesimama juu ya kanyagio za baiskeli yake ya magurudumu matatu ili aonekane. Badong ni mwanamke, jina lake la ubatizo ni Salvadora, lakini ukimwita hivyo hakupakii, utarudi kwenu kwa miguu.

"Nilichezee nina wazimu?" alijibu. "Ni mlinzi wa kampuni! Kaja na mnyororo mpya, kafunga, kaenda zake. Nimemwambia kuna watu ndani. Kasema anajua."

"Anajua?"

"Kasema ndiyo maana kafunga!"

Saa tisa alasiri hiyo hiyo, kwenye ukumbi wa jiji, kulikuwa na kikao cha kuamua kama Jumba la Rosal libomolewe au lihifadhiwe. Wale waliocheza kwenye jukwaa lake enzi hizo, wakiwa na visigino virefu na manyoya ya mbuni, wengi wako makaburini na wengine wako Kanada. Aliyebaki Manila na ulimi wa kusema yaliyotendeka ndani ya kuta zile ni yeye peke yake. Asipofika kikaoni, jumba linakwenda, na kampuni iliyolinunua inajenga ghorofa la kuegeshea magari.

Kwa nini basi alikubali kutembeza wageni siku kama ile? Kwa sababu Aling Purita, mama wa makamo aliyekuja kutoka Iloilo, alimsihi kwenye simu karibu alie. Meli yake ya kurudi inaondoka jioni, alisema, na hatapata nafasi nyingine ya kuiona mitaa ya Malate walikoishi mashoga wa zamani. Santing ana moyo wa siagi. Akamchukua yeye na mwanawe Rodel, akawapitisha Mtaa wa Nakpil mlango kwa mlango, akimalizia kama anavyomalizia matembezi yote: Rosal, kwa kupitia mlango wa jikoni. Kila aliyewahi kumfuata Santing anajua kwamba lazima aishie pale.

Aligeuka kuwatuliza wageni. Aling Purita alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkoba kifuani, macho yamemtoka. Lakini Rodel alikuwa amekaa juu ya sanduku, amefungua bati la vikeki vya mchele viitwavyo puto, na anakula taratibu.

Santing alilitazama lile bati. Vikeki vilivyojaa namna ile vingetosha watu wanne. Mtu anayekuja kutembezwa mitaa miwili mitatu, chakula cha kutwa ni cha nini?

"Karibu puto, Mang Santing," Rodel alisema. "Mpaka saa kumi na mbili ni mbali."

"Mang huitwa mabwana, kama baba yako. Mimi naitwa Mama. Na hiyo saa kumi na mbili umeitoa wapi?"

"Ndiyo saa mlinzi wetu atakayorudi kufungua. Hakuna atakayekugusa. Ila kikao kitakuwa kimekwisha."

"Mlinzi *wenu*?"

"Mimi ndiye msimamizi wa mradi," Rodel alisema, akafuta vidole kwa leso. "Samahani. Si jambo la ugomvi. Ni kazi."

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ameletwa kwa mkono, akapewa hata mwavuli!

"Napiga simu polisi," Santing alisema.

"Piga. Waambie umeingia kwenye jengo la watu kwa mlango wa jikoni, na umeingiza wageni. Namba unayo, au nikupe?"

Santing alirudisha simu mfukoni. Alikuwa amenaswa vizuri, kama panya aliyeingia mwenyewe akifuata dagaa. Akatafuta pa kumshika huyu kijana, na akapapata.

"Sasa ndiyo nimekuelewa," alisema, akikunjua upepeo wake kwa hasira. "Ngazini umekiruka kipandio kinacholia."

Msomaji, kipandio hicho ni cha tatu kutoka juu. Hata paka akikikanyaga, kinalia nyumba nzima isikie. Malkia wa Rosal, ndivyo walivyojiita wale mashoga wa jukwaani, walikiacha bila kukitengeneza kwa makusudi. Wenyeji wote walikiruka, mchana na usiku, wakiwa wazima na wakiwa wamelewa. Kikilia, ujue anayepanda ni mgeni, na kabla mgeni huyo hajafika juu na kitambulisho chake cha polisi, mawigi yalikuwa yamekwisha kuvuliwa. Santing hawaonyi watalii wake. Anawaacha wakikanyage, wapige kelele, kisha anawapa hadithi yake. Siku ile Aling Purita alikikanyaga, kikalia, naye akapiga ishara ya msalaba. Mwanawe aliyekuwa nyuma yake, gizani, alinyanyua mguu akakiruka.

"Umekuja kupeleleza humu mara ngapi?" Santing aliuliza. "Mara tatu? Nne? Mpaka umezijua ngazi zetu!"

"Sijawahi kuingia humu. Mimi nakaa ofisini na ramani."

"Mwongo wewe."

"Nikudanganye ili iweje?" Rodel alionekana kushangaa kweli. "Si nimeshakufungia?"

Santing akaliweka hilo kando, maana muda ulikuwa unakwenda.

"Rodel." Ilikuwa sauti ya Aling Purita, na ilikuwa ikitetemeka. "Umenileta hapa kunitumia kama chambo?"

"Mama, kaa chini. Wewe ulitaka kupaona, nimekuleta upaone."

"Na mimi pia umenifungia?"

"Mama, kula puto."

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Mama wa watu alilipokea lile bati, akaliweka sakafuni bila kuligusa.

Santing hakungoja zaidi. Pembeni ya chumba kulikuwa na kabati zito la kioo lenye droo tatu, na nyuma ya kabati lile kulikuwa na siri ambayo hakuna ramani ya ofisini inayoionyesha. Chini ya madirisha ya majumba ya kale ya Manila kuna vidirisha vingine vifupi, usawa wa magoti, vyenye vijiti vya mbao, vya kuingizia upepo wa kulalia. Kampuni ilipigilia mbao madirisha yote na vidirisha vyote, isipokuwa kile ambacho haikujua kama kipo. Vijiti vyake vilishakatwa zamani. Unatambaa, unatokea juu ya bati la jiko, unateremka uchochoroni, na polisi wanabaki na soksi ndefu mkononi.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye pembe ya kabati Aling Purita aliposema, "Kabla hujafanya lolote, ndugu yangu. Nionyeshe tu. Dalisay alikuwa anakaa wapi?"

Mkono ukasimama.

Tangu Dalisay aondoke, kwa zaidi ya miaka thelathini, hakuna mtu asiye wa Rosal aliyewahi kulitamka jina lile mbele yake. Hata kwenye matembezi halitaji, husema "mwenzangu" tu, asije akalia mbele ya watalii.

"Wewe unamjua Dalisay?" aliuliza.

"Ni kaka yangu. Tumbo moja."

Santing alikaa sakafuni.

Niwaambie kwa nini, maana bila hili hamtamwelewa. Rosal kulikuwa na sheria moja: jina la baba yako unaliacha mlangoni pamoja na mwavuli uliolowa. Kumuuliza mwenzio anaitwa nani kwao ilikuwa sawa na kumfunua nguo kanisani. Santing na Dalisay walitumia kioo kimoja miaka saba, wakapakana wanja, wakalala kitanda kimoja siku za mafuriko kama dada na dada. Santing alijua Dalisay anaogopa radi, anapenda samaki mkavu na nyanya, na kwamba baba yake aliwahi kumtupia kisu. Jina lake la cheti hakulijua. Wala Dalisay hakulijua lake.

Kisha Dalisay akaugua ule ugonjwa ambao siku hizo watu waliutaja kwa kunong'ona. Mchana mmoja, Santing akiwa sokoni, ndugu wakaja na gari, wakampakia yeye na mtoto aliyekuwa akimlea, wakaelekea bandarini. Santing alizunguka hospitali zote za Manila akimuulizia Dalisay. Makarani walicheka. Jina kamili? Jina la ukoo? Hakuwa nalo, nao wakaita anayefuata. Mtu aliyemjua kuliko wote duniani hakuwa na namna ya kumtafuta.

"Hapa," alimwambia Aling Purita. "Kioo hiki hiki. Yeye kushoto, mimi kulia, kwa sababu alisema shavu lake la kushoto ndilo la sinema. Na humu kwenye droo ya chini alikuwa analala Pepot."

Aling Purita alitazama sakafu. Hakuuliza Pepot ni nani.

Santing akaeleza hata hivyo, kama anavyowaeleza wageni wote. "Kichanga kiliachwa na mfuaji nguo wetu, akaenda na hakurudi. Dalisay akasema ni chake. Tukamtandikia manyoya kwenye droo. Malkia kumi na wawili, mama kumi na wawili! Alijifunza kutembea kwenye zile ngazi, mtoto yule, ananishika kidole hiki."

"Hadithi nzuri ya watalii," Rodel alisema. Akainuka, akaja akachuchumaa mbele ya Santing. Sasa hakuwa na kejeli, na hilo lilitisha zaidi. "Sikiliza. Leo nimeweza kukufungia, kesho siwezi. Utakata rufaa, utaleta waandishi. Mimi nataka unyamaze moja kwa moja. Mama anajua kaburi liko wapi, na anajua jina lililoandikwa pale. Ukinipa neno lako, jioni tunapanda meli pamoja, na kesho unamwashia mshumaa."

"Rodel!" mama yake alipiga kelele.

"Mama, usiseme jina! Ukilisema bure, kazi sina. Nina watoto watatu. Watakula kumbukumbu?"

Santing alifumba macho. Jamani, nani kati yetu asingesita? Miaka yote hiyo, kila Sikukuu ya Wafu, Manila nzima ikienda makaburini na vyakula na mishumaa, yeye huwasha wake kwenye ngazi za Rosal kwa sababu hana pengine. Na sasa kaburi lilikuwa mbele yake, bei yake ni kunyamaza tu.

"Santing!" Sauti ilitokea nyuma ya kabati, usawa wa magoti. Rodel aliruka. "Santing, mimi Badong! Niko juu ya bati la jiko! Sukuma kabati utoke kwa kidirisha cha Dalisay!"

"Subiri," Santing alisema.

"Nisubiri nini? Bati linabonyea!"

"Nimesema subiri, Badong!"

"Shoga yangu, saa tisa hiyo inakuja! Kama unataka kufia humo ndani sema nikaendelee na abiria!"

Rodel alilitazama kabati, akamtazama Santing, na taratibu akatabasamu. "Kumbe njia ipo," alisema. "Na bado umekaa."

Ilikuwa kweli, na iliuma kwa sababu ilikuwa kweli. Kufuli halikuwa limemfunga Santing tena. Alikuwa amefungwa na jina asilolijua.

Aling Purita akapiga magoti mbele yake. "Mimi jina ninalo," alisema, "lakini kaka yangu mwenyewe simjui. Alipoletwa nyumbani alikuwa hawezi hata kusema. Baba alimnyoa, akamvika shati jeupe la barong, akamzika kama karani wa benki. Nilisimama pale kaburini nikijiuliza, huyu ni nani? Nimekuja kwako kwa ajili ya hilo. Niambie tu kitu kimoja. Alikuwa anacheka?"

Machozi yalimtoka Santing bila kuomba ruhusa. "Alikuwa anacheka mpaka majirani wanagonga ukuta," alisema. "Alikuwa akicheka wigi linahama."

Na Aling Purita naye akacheka, hapo hapo, huku kamasi na machozi vikimtiririka, na kicheko chake kilikuwa kile kile cha kaka yake. Santing alikisikia kikigonga zile mbao kuukuu, akajua la kufanya.

"Nani alikata vijiti vya kidirisha kile?" alimuuliza Rodel. "Ni Dalisay. Kwa kisu cha jikoni, siku nne, viganja vimechubuka, ili sisi tutoke. Halafu mimi nikae? Angenifuata na kiatu!" Akamgeukia Aling Purita, akamshika mikono. "Mama yangu, baki na jina hilo. Kaburi bila jina nimelizoea. Lakini jumba hili likienda, wewe na mimi hatutakuwa na mahali pa kumwonyesha mtu kwamba Dalisay alikuwepo."

"Sukuma," alisema Aling Purita, na bega lake lilikuwa la kwanza kugusa kabati.

Kabati lililalamika, likasogea. Kidirisha kilikuwa pale, na katikati yake uso wa Badong uliolowa chapachapa.

"Umechelewa kama bibi harusi!" Badong alisema. "Leta mikono!"

Santing alilala kifudifudi, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akapumua harufu ya mvua na ya vitunguu vinavyokaangwa jirani. Alikuwa huru mpaka kiunoni. Hapo akakwama.

"Vuta," alisema.

"Navuta!"

"Vuta basi kama mwanaume!"

"Mama, hiki kidirisha ulikipita ukiwa na kiuno! Sasa hivi una historia!"

Cheka, msomaji, hata mimi nilicheka niliposimuliwa. Lakini kicheko kilikatika, kwa sababu mikono miwili yenye nguvu ilimshika Santing vifundoni kutoka ndani, ikaanza kumrudisha. Rodel alikuwa ameacha upole. Badong anavuta kwapani, Rodel anavuta miguuni, na mbao kali za kidirisha zinamla Santing mbavu.

"Mwachie, Rodel," alisema Aling Purita.

"Siwezi, Mama!"

"Mwachie. Ngazini hukukikanyaga kipandio."

"Na wewe tena! Nimesema sijawahi kuja humu!"

"Mimi nimekikanyaga, kimelia. Wewe ulikuwa gizani, hukuambiwa, na umekiruka." Sauti yake sasa haikutetemeka hata kidogo. "Baba yako marehemu alinikataza nisikuambie mpaka nife. Lile gari halikumleta kaka yangu peke yake. Wewe ulikuwa umekaa mapajani mwake, una manyoya kwenye nywele, na kila tulipokuita Rodel ulikuwa unanyamaza. Ulikuwa unaitika ukiitwa Pepot."

Badong aliacha kuvuta.

Mbali, kengele ya Kanisa la Remedios ikaanza kupiga saa tisa.

Santing, kichwa mvuani na kiuno kwenye mbao, alijaribu kugeuka. Alitaka kuuona uso ule, aone kama bado una kishimo kidevuni alichokuwa akikibonyeza kwa kidole. Hakuweza kugeuka hata inchi. Alichoweza ni kusikia tu ile mikono miwili kwenye vifundo vyake. Ilikuwa imelegea, lakini ilikuwa bado haijamwachia.